Kichaka Kilichokatazwa Maji

Mkuu wenu wa kitalu amenitaka niwaandikie ninyi vijana wapya jinsi tulivyokuwa tunakusanya mimea zamani, akaongeza kwamba nisijali mpangilio. Kwa hilo namshukuru, maana mpangilio sina. Nilianza kazi Lushoto nikiwa sijaota ndevu za maana, Uhuru ukiwa bado mpya, na nikaiacha siku waliponipa saa ya ukutani wakaniambia nikapumzike. Saa yenyewe ilikufa zamani. Mimi bado naupanda mlima wa kwenda Magamba, ingawa siku hizi naupanda kwa awamu.

Nianze na gazeti, kwa sababu ninyi mnadhani gazeti ni la kusoma. Leo mkiona ua mnalipiga picha kwa simu, mnaendelea na safari. Sisi ua tulilikamata. Unakata tawi lenye majani na maua, na tunda kama lipo, unalilaza ndani ya gazeti lililokunjwa, unageuza jani moja lionyeshe mgongo, halafu unalibana na wenzake katikati ya fremu mbili za mbao, unakaza mikanda mpaka vidole viume. Kesho yake unabadilisha magazeti, maana yale ya jana yameshanyonya maji. Kesho kutwa unabadilisha tena. Ukizembea, kuvu inaingia, na hewa ya Lushoto mnaijua.

Aliyenifundisha kazi hiyo ni Mzee Shemhina, mkuu wa kitalu wa enzi hizo, Mshambaa wa kutoka Shume, mzee wa kanisa, mwembamba, asiyecheka ovyo. Alikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: mmea wenye utomvu usiwekwe kwenye ukurasa wenye picha ya kiongozi. “Utomvu ukimpaka usoni,” aliniuliza, “utakwenda kueleza wewe?” Kwa hiyo viongozi wetu walilaliwa na nyasi kavu na majani ya heshima, na utomvu wote ukaenda kwenye kurasa za michezo. Mimi nilikuwa nasoma huku nabadilisha karatasi. Matokeo ya mpira ya mwaka uliopita niliyajua vizuri kuliko ya Jumapili iliyopita.

Jambo jingine: rangi ya ua iandikeni hapo hapo, likiwa bado mtini. Msiseme mtakumbuka. Ua likishabanwa linabadilika kama mtu aliyesikia habari mbaya. Mwaka wangu wa kwanza niliwahi kuandika “kahawia” kwa ua lililokuwa la chungwa, kwa sababu niliandika jioni nikiwa nimechoka. Mzee Shemhina alilitazama, akaniuliza kama nililichuma porini au jikoni.

Sasa niwaambie kuhusu kichaka kimoja kilichotutoa jasho.

Hakikuwa cha huku juu. Ukishuka Mombo ukaifuata barabara ya kwenda Mkomazi, milima inabaki kulia kwako na nchi inakauka ghafla. Mvua inayotoka baharini inaishia kwetu mlimani. Wa kule chini wanapata ngurumo. Huko kulikuwa na kilima kimoja cha mawe, si kikubwa, na juu ya kilima hicho ndiko kichaka kilikoota. Tulikitafuta kwingine kote tambarare ile, hatukukiona. Kilimfika mtu mzima kifuani, gome lake la kijivu likibanduka kama ganda la kitunguu, na shina limevimba chini mithili ya kiazi kikuu. Sehemu kubwa ya mwaka hakikuwa na jani hata moja. Mtu wa mlimani akikiona, mkono unatafuta shoka. Halafu mvua za kwanza zikinyesha kinachanua kwenye matawi matupu, kabla ya majani, kwa siku chache tu, kisha maua yanaanguka.

Siku hizo chache hatukuwahi kuziwahi. Majani tulikuwa nayo, matunda tulikuwa nayo, ua hatukuwa nalo. Na bila ua, mtaalamu wetu alisema, kichaka hakiwezi kujulikana ni cha ukoo gani. Mtaalamu huyo alikuwa kijana wa Kihaya aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo, mpole, mwenye suruali iliyopigwa pasi hata porini. Tulimwita Mtaalamu mbele yake na nyuma yake, kwa hiyo nami nitamwita hivyo.

Tulileta mbegu zake tukazisia kitaluni. Zikaota vizuri sana. Mtaalamu akatoa agizo: miche hii ni ya nchi kavu, imwagilieni kidogo ikiota, baada ya hapo muiache kabisa. Mzee Shemhina alisikia kwa masikio, ila mkono wake haukusikia. “Huyu kijana kwao Bukoba mvua inanyesha kila siku,” aliniambia. “Kiu ataijulia wapi?” Kila asubuhi, kabla Mtaalamu hajafika, mzee alikuwa anapita na kopo lake. Mimi sikujua. Nami nilikuwa nikibaki peke yangu mchana naionea huruma miche, naipa maji kidogo. Baadaye tukagundua kwamba mlinzi wa ofisi naye alikuwa anaimwagilia jioni, akidhani mimi na mzee tumeisahau.

Miche yote ililainika shingoni ikalala chini. Ilikufa imeshiba.

Msitucheke sana. Mtu aliyekulia mlimani hajui mapenzi mengine kwa mmea. Kwetu ukipenda mche unaupa kivuli, samadi na maji. Ukiuacha unyauke, watu wanakuuliza kama una akili timamu. Mtaalamu hakutufokea. Aliitazama miche, akatutazama sisi watatu, akaenda kuosha mikono. Uso wa Mzee Shemhina siku ile sijausahau.

Tukashuka kwenda kutafuta mbegu nyingine. Ilikuwa imeshaingia miaka ya vijiji vya Ujamaa, na tulipofika kwenye kile kilima hatukukitambua. Mawe yake yalikuwa yamekwenda kwenye msingi wa shule. Vichaka vilikuwa vimekwenda kwenye tanuri la kuchoma matofali ya shule hiyo hiyo. Shule ilikuwa nzuri, lazima niseme. Watoto walikuwa wanaimba ndani.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa Mpare wa makamo, aliyewahi kuwa mnyapara wa mkonge, mtu mwenye haraka na mwenye nia njema. Alisikitika kweli. “Mngesema mapema, ndugu zangu. Sisi tuliona ni miti iliyokufa.” Kisha akakumbuka. “Kimebaki kimoja. Kiko kwenye kaburi, kule litakakokuwa shamba la kijiji. Cha Mama Agnes. Lakini hicho nacho kina kesi.”

Mama Agnes tulimkuta anapepeta mtama. Alikuwa mtu wa kwetu, wa Shume, mwanamke wa miaka kama arobaini. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, na aliposikia lafudhi yangu akahamia kwenye Kishambaa. Yeye na mumewe Elia waliteremka tambarare kijiji kilipoanza, kwa sababu mlimani shamba lao lilikuwa limegawanywa kwa ndugu mpaka likawa ukanda. Mwaka ule ule wa kwanza Elia akafa kwa homa. Alizikwa kando ya nyumba yao, kama ilivyo kawaida yetu. Baadaye nyumba zote zikahamishwa kupangwa kando ya barabara, na kaburi likabaki peke yake nyuma.

Ninyi mliozaliwa huku hamna haja ya kuelezwa habari za isale, lakini kati yenu wapo waliotoka mbali. Isale ni mmea wa mipaka na wa makaburi. Unapandwa kwenye kaburi la mtu wako, na kwa kuwa haunyauki, unasema kwamba aliyelala pale ana watu. Ukinyauka, watu hawaulizi habari za mmea. Wanauliza habari za mjane. Mama Agnes alikuwa ameagiza masale kutoka Shume, yakaletwa yamefungwa kwenye majani ya mgomba. Tambarare ikayakausha. Akaweka msalaba wa mbao, mchwa wakaula. Akapanga mawe, na mawe hayo, bila mtu kukusudia ubaya, yakaishia kwenye msingi wa shule. Ndipo mchungaji mmoja wa ng'ombe akamwambia kuna kichaka kule kilimani ambacho hakifi. Akakichimbua, akakipanda kaburini. Hiyo ndiyo alama pekee ya Elia iliyobaki juu ya ardhi.

Na kesi yenyewe ilikuwa hii. Trekta lilikuwa linatarajiwa kabla ya mvua, kuja kulima shamba la kijiji. Katika mkutano, Mama Agnes aliomba kaburi liachwe. Wengine wakasema kila mtu akidai kaburi, shamba litakuwa makaburini. Mwenyekiti akaamua kwa kile alichoona ni haki: chenye uhai trekta litakizunguka, kikavu ni kuni. Wote wakakubali, na Mama Agnes akakubali pia, kwa sababu kichaka chake kilikuwa kijani kibichi katikati ya kiangazi.

Tulipokiona, mimi nilifurahi. Mtaalamu hakufurahi. Kichaka kilikuwa na majani wakati ambao hakikutakiwa kuwa na majani. Alichuchumaa, akabonyeza shina pale lilipovimba, na kidole gumba kikaingia kidogo kama kwenye ndizi iliyoiva. Hilo nalo liwekeni akilini: mmea wenye tumbo ukilainika chini, tatizo ni maji, hata kama juu unacheka.

“Mama,” akauliza, “unakimwagilia?”

“Kila jioni,” akasema Mama Agnes kwa fahari. Maji aliyafuata mtoni, mbali, akabeba debe kichwani.

Mtaalamu akamweleza kwa adabu kwamba akiendelea, kichaka kitaoza kabla ya mvua. Inabidi aache kabisa. Mama Agnes alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua ungo wake akaingia ndani.

Mtaalamu akanigeukia. “Wewe ni mtu wa kwao. Ongea naye.” Akaenda kukaa garini na Mzee Shemhina.

Sitajifanya mtu mwema. Nilitaka ua. Nilikuwa nimeshatumwa kulifuata mara nyingi na kurudi na fremu tupu. Nikabisha hodi, nikakaribishwa, nikakaa kwenye kigoda.

“Mmetoka Lushoto kote huko,” alisema, “kuja kunikataza nisimpe mume wangu maji?”

“Si mumeo, mama. Ni kichaka.”

“Kwako.”

Kisha akaniambia. Siku Elia aliyokufa, alimwomba maji ya kunywa. Mtungi ulikuwa mtupu. Kijiji kilikuwa kipya, majirani bado hawajuani, naye hakutaka kuanza kwa kuombaomba. Akachukua debe akakimbia mtoni. Aliporudi, Elia alikuwa ameshanyamaza. “Debe likiwa bado kichwani,” akasema. “Sikuwa hata nimelitua.”

Ua lilinitoka akilini kabisa. Nilimhurumia mama yule, na kwa kuwa sikuwa na neno la hekima, nikamsimulia la kijinga. Nikamweleza habari za miche yetu. Jinsi Mzee Shemhina alivyokuwa anaimwagilia asubuhi kwa siri, mimi mchana kwa siri, na jinsi yote ilivyokufa.

“Na mlinzi jioni,” nikamaliza.

“Na mlinzi naye?”

“Na mlinzi naye, mama.”

Akacheka, bila kutaka, akaziba mdomo kwa ncha ya kanga. Halafu kicheko kikaisha.

“Nikiacha, kitakuwaje?”

“Kitapukutisha majani yote. Kitabaki fimbo. Atakayekiona atasema kimekufa.”

“Na trekta litakikuta hivyo.”

“Pengine.”

“Na Mwenyekiti ameshasema.”

“Amesema.”

Alitazama nje. “Basi nikimpa maji namwozesha, nikimnyima wanamlima,” akasema. Hakuniahidi kitu, nikaaga, nikaenda zangu garini. Njiani kurudi Mzee Shemhina aliniuliza tu kama nimemwambia habari za kopo lake. Nikasema ndiyo. Akasema, “Umefanya vizuri,” akageukia dirisha.

Nilipotumwa tena kule chini, udongo wa kaburi ulikuwa mkavu umepasuka, na kichaka hakikuwa na jani. Alikuwa ameacha. Shemeji yake, mdogo wa Elia, alikuwa ameshateremka kutoka Shume, akaliona kaburi, akaondoka bila kunywa hata chai. Wanawake wa kijijini walikuwa wakimpita Mama Agnes mtoni wanamwamkia kwa mkato. Yote hayo alinieleza huku anakoroga uji, bila kulalamika. Nilibonyeza shina. Lilikuwa limekaza kama goti.

Trekta lilifika nikiwa huko huko, kwa sababu Mtaalamu alikuwa ameniagiza nisibanduke mpaka mvua inyeshe. Dereva alikuwa Mnyamwezi aliyekopeshwa na kijiji kingine pamoja na mashine, mtu wa kofia ya sufu, asiyekuwa na habari na mambo yetu. Alilima mistari iliyonyooka kweli kweli. Mwenyekiti alikuwa anatembea mbele yake akinyoosha mkono, na kila walipogeuka walikuwa karibu zaidi na lile kaburi. Watu walikuwa wamekusanyika. Mama Agnes alikuwa amesimama kando ya kichaka chake, ambacho siku ile, kusema haki, hata mimi nisingekitetea kwa macho.

Trekta likasimama. Mwenyekiti akavua kofia.

“Mama Agnes, mwenyewe unaona. Tulipatana mkutanoni.”

“Tulipatana chenye uhai,” akasema.

“Basi nionyeshe uhai. Niko tayari.”

Akanigeukia mimi. “Uhai wake unaonekanaje?”

Nikaingiza mkono mfukoni kutoa kisu cha kazi. Alipokiona akasema, “Chuma hapana.” Mmea wa kaburini haukatwi, hilo hata mimi nalijua.

“Ukucha unatosha, mama,” nikamwambia. “Kwangua gome kidogo. Hapo juu, kwenye tawi.”

Alipiga magoti. Nadhani alisali kwanza, maana alikawia. Kisha akakwangua. Ganda la nje likabanduka, kijivu, kavu, lisilo na maana. Mtu mmoja nyuma yangu akaguna. Akakwangua tena palepale, na chini yake pakatokea kijani, kibichi, chenye unyevu, upana wa ukucha wake tu.

Mwenyekiti aliinama. Alipagusa kwa kidole, akakitazama kidole, akakigusisha ulimini kama anayeonja chumvi. Halafu akasimama wima na kumwambia dereva, “Zunguka.” Dereva akanyanyua jembe, akazunguka. Mistari yake mizuri ikaharibika, na shamba la kijiji likawa na kitovu tangu siku ile.

Mvua ilinyesha siku chache baadaye. Nilikwenda kaburini asubuhi na fremu yangu mgongoni. Maua yalikuwa yamejaa kwenye matawi matupu, ya njano iliyoiva, na koo jekundu. Niliandika rangi hapo hapo. Niliyatazama kwa muda kuliko kazi ilivyodai, na nilifurahi, naandika hivyo bila aibu. Mama Agnes akaja na debe lake la maji kichwani, akalitua. Nilimwambia ninachohitaji ni kijitawi kimoja, na kwamba akikataa nitaelewa. Alisema na kaburi kwa Kishambaa, kwa sauti ya chini, maneno ambayo hayakuwa yangu kuyasikia. Kisha akakivunja kijitawi kwa mkono wake mwenyewe, akanipa.

Nilikilaza gazetini. Nikauliza, kwa sababu nilikuwa naliona lile debe: “Mama, maji haya ya nini tena? Si uliacha?”

“Kumwaga niliacha,” akasema. “Kwenda kuyateka sikuweza. Jioni mguu unakwenda wenyewe, na siku nyingine, kama leo, hata asubuhi.”

“Sasa unayafanyia nini?”

“Nampa anayepita.”

Akachota kwa kata, akanipa kwa mikono miwili. Nilikuwa na kiu kweli. Kule chini jua halingoji saa nne. Nikanywa. Yeye alisimama akinitazama koo, nami nikaelewa kwamba nisiache kitu, nikainua kata mpaka tone la mwisho. Akaipokea, akaigeuza kuhakikisha imekauka.

“Asante, baba,” akasema yeye.